Gharama ya Kukataa

Aprili 2006 Bunge la Kenya lilikuwa likijadili mswada wa makosa ya kingono uliowasilishwa na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu. Paddy Ahenda, mbunge wa Kasipul-Kabondo, eneo ambalo sasa limo ndani ya Kaunti ya Homa Bay, akasimama kuupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke wa Kiafrika ana haya na hukataa hata akiwa amekubali, hivyo sheria ya namna hiyo ingewafanya vijana waogope hata kuchumbia. Wabunge wanawake waliinuka kwa hasira wakatoka ukumbini.

Mswada ulipita na kuwa sheria mwaka huohuo, ingawa kifungu kilichotaja ubakaji ndani ya ndoa kilikuwa kimeng'olewa. Takriban miaka ishirini imepita tangu mjadala ule, na dhana aliyoitetea mbunge huyo imepungua nguvu bungeni. Nje ya Bunge, hata hivyo, kuna jambo ambalo sheria ile haikuligusa. Mwanamke anaweza kukataa kwa sauti inayosikika na kila mtu, kisha akakubali kesho yake, kwa sababu kukataa kumemgharimu chakula cha watoto, au nyumba, au jina lake.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza, gharama hiyo haijifichi. Inalipwa kwa vitu vinavyoshikika: samaki, shamba, ng'ombe na kura. Ukitaka kujua ni mwanamke yupi ataweza kusimama na uamuzi wake, usianze kwa kuuliza ana ujasiri kiasi gani. Uliza anamiliki nini.

Anayewahi jua

Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Mashua hutoka jioni zikiwa na taa za kuwavuta samaki juu ya maji, na alfajiri zinarudi. Katika fuo za Sori na Muhuru upande wa Migori, na za Mbita, Sindo na Nyandiwa upande wa Homa Bay, pamoja na visiwa vya Rusinga, Mfangano na Remba, wanawake huwa wamekwisha kufika mapambazuko yanapoingia. Wamejifunga leso kiunoni, wana makarai na ndoo, na macho yao yako majini wakitambua kwa mbali mashua ya nani ndiyo inayokuja.

Biashara hii inaendeshwa na jua. Omena akikosa kuanikwa mapema anaharibika. Nyavu kuukuu hutandazwa mchangani, samaki humwagwa juu yake na kusambazwa kwa mkono, wasilale mmoja juu ya mwingine, kisha hugeuzwa kadiri siku inavyokwenda. Jioni, waliokauka vizuri hupimwa kwa kopo la gorogoro na kutiwa kwenye magunia tayari kwa soko. Wakinyeshewa mchana, hupoteza mng'ao, hunuka, na mnunuzi wa chakula cha watu hawataki tena. Huishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anayepata shehena ya kwanza ndiye anayewahi jua na gari la sokoni. Anayepata ya mwisho amenunua hasara.

Hapo ndipo jaboya anapoingia. Ndilo jina ambalo wakazi wa fuo hizi wameipa tabia ya mvuvi kutaka ngono kabla ya kumuuzia mwanamke samaki, na mara nyingi mvuvi mwenyewe huitwa hivyohivyo. Wageni wengi hudhani kwamba mwanamke huyo hulipa kwa mwili mahali pa pesa. Sivyo. Kwa kawaida pesa hulipa vilevile, bei ileile au karibu na hiyo. Ngono ni ada ya kupewa nafasi kwenye foleni. Mwanamke anayekataa hafukuzwi ufuoni wala hatukanwi. Anaambiwa tu kwamba samaki wa leo wana mwenyewe, na kesho anaambiwa hivyohivyo, mpaka mtaji wake utakapokwisha kwa kula akiba.

Utaratibu huu una wakati wake wa kushamiri. Msimu wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, na unapofunguliwa kila mchuuzi anataka kufidia miezi minne ya ukavu. Samaki wanapopungua ziwani, ushindani huongezeka. Wavuvi nao huhama kufuata samaki kutoka ufuo hadi ufuo, na wanawake huhama nao, hivyo mwanamke mmoja anaweza kujikuta ana jaboya Muhuru na mwingine Remba, naye mvuvi ana wachuuzi wake katika kila kituo.

Matokeo yake yameandikwa kwenye takwimu za afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu virusi vya Ukimwi ulikuta maambukizi ya asilimia 4.9 miongoni mwa watu wazima wa Kenya. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, ya kwanza nchini, na Migori asilimia 13. Kitaifa, wanawake walioambukizwa walikuwa asilimia 6.6, wanaume 3.1. Uvuvi peke yake haukuleta tofauti hiyo, lakini hakuna mtaalamu wa afya anayefanya kazi kandokando ya ziwa ambaye anaweza kuipanga mipango yake bila kuufikiria ufuo.

Kenya haiko peke yake. Mwaka 2008 watafiti Christophe Béné na Sonja Merten walichapisha uchunguzi wao kuhusu biashara ya namna hii katika uvuvi wa Afrika, wakitumia kwa kina mfano wa nyanda za mto Kafue nchini Zambia. Walionya dhidi ya maelezo mepesi kwamba chanzo ni umaskini tu. Kilichowashughulisha ni mpangilio wa soko lenyewe: nani anamiliki chombo, nani anaamua samaki wauzwe kwa nani, na nani hana jukwaa la kulalamika. Onyo hilo linafaa kusomwa Mbita kama linavyosomwa Zambia.

Mgongo wazi

Soko hili halikuwa hivi tangu zamani. Mbuta, samaki mkubwa aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, alizaana kupita kiasi, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vya kukata minofu ya kuuza Ulaya vikawa vimesimama kandokando ya ziwa. Viwanda vilitaka samaki wengi, wabichi, kwenye barafu. Mawakala wenye magari na mtaji wakaingia ufuoni, wakawakopesha wavuvi nyavu na mashine, na kwa njia hiyo wakawafunga wawauzie wao. Wengi wa mawakala hao walikuwa wanaume. Mwanamke ambaye mama yake alinunua samaki mzima akajikuta ananunua mgongo wazi: kichwa, mifupa na mkia vilivyobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Huo ndio uliokaangwa na kuliwa na watu wa kawaida. Omena, asiyetakiwa na viwanda hivyo, akabaki kuwa mlango mkubwa zaidi uliosalia wazi kwa mama mchuuzi, na mlangoni pale akamkuta jaboya.

Kwa nini basi asinunue mashua yake mwenyewe? Wengine wamenunua. Lakini mila ya uvuvi ya Waluo na Wasuba ilimweka mwanamke mbali na chombo. Iliaminika, na wapo wanaoamini hata leo, kwamba mwanamke akikanyaga mashua ya uvuvi, hasa akiwa katika siku zake, samaki watakimbia. Kwa imani hiyo kazi nzima ikagawanywa: mwanaume maji, mwanamke nchi kavu. Na kwa kuwa samaki huzaliwa majini, bei pia ikazaliwa huko.

Hata kamati za ufuo zilijengwa juu ya mgawanyo huo. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana na wote kama BMU, vilipewa nguvu ya kisheria nchini Kenya kwa kanuni za mwaka 2007. Miongozo iliyokubaliwa na nchi tatu za ziwa inagawa viti vya kamati hivi: asilimia 30 kwa wamiliki wa mashua, asilimia 30 kwa wavuvi wanaoajiriwa, asilimia 30 kwa wadau wengine kama mafundi wa mashua na wasuka nyavu, na asilimia 10 kwa wachuuzi. Inataka pia wanawake wawemo, angalau watatu. Wachuuzi, ambao wengi wao ni wanawake, ndio wanaoujaza ufuo kila alfajiri, lakini wamepewa fungu dogo kuliko yote. Mwanamke anayetaka kumshtaki mvuvi kwa kumtaka ngono hupeleka malalamiko yake kwenye kamati ambayo zaidi ya nusu yake ni wamiliki wa mashua na wavuvi.

Sheria za nchi nazo zinamwona mvuvi kwa taabu. Sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006 inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono: msimamizi wa jela, mwalimu, mkuu wa hospitali. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kinachoifanya rushwa ya ngono kuwa kosa, nacho pia kinamlenga mtu mwenye madaraka. Kijana mwenye fungu lake la samaki ndani ya ndoo hana cheo wala ofisi. Anachomiliki ni uamuzi wa kumuuzia huyu na kumnyima yule, na uamuzi huo unatosha.

Jaribio lililojulikana sana la kuvunja mzunguko huu lilifanyika jirani, katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu. Mwaka 2011 wanawake wakiongozwa na Justine Adhiambo Obura waliunda kikundi kilichotangaza katika jina lake kwamba samaki hawatanunuliwa kwa ngono. Kwa msaada wa wafadhili walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na ghafla aliyeomba alikuwa mvuvi, akiomba kazi. Habari zao zilizunguka dunia. Kisha ukaja mwaka 2020, ziwa likafura hadi viwango visivyokumbukwa na wengi, maji yakaingia kijijini na familia zikahama. Mashua za mbao nazo huchakaa, na asiye na akiba ya kununua nyingine anarudi alikotoka.

Nduru ilithibitisha jambo moja kubwa na kuacha deni moja. Ilithibitisha kwamba desturi iliyoitwa ya mababu ilitikisika ndani ya miaka michache mara tu umiliki ulipobadilika. Hapakuhitajika kizazi kizima kielimishwe kwanza. Deni lililobaki ni kwamba mashua ya msaada, isiyo na bima wala mfuko wa kuifanyia ukarabati, haiwezi kubeba uhuru wa mtu kwa muda mrefu. Huko Homa Bay, ufugaji wa samaki katika vizimba umeongeza njia nyingine. Samaki wa kizimba huvunwa kwa ratiba na kupimwa kwa mizani, na mama mwenye pesa zake ananunua bila kumjua aliyewalisha.

Mjane na paa la nyumba

Si kila mwanamke aliye ufuoni alizaliwa karibu na maji. Wapo waliofika hapo baada ya kufiwa na mume na kupoteza shamba.

Kwa mila ya Kiluo, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu katika desturi iitwayo tero. Hapo kale ililenga kumtunza yeye na watoto ndani ya ukoo. Kadiri miaka ilivyokwenda, katika maboma mengi, ulinzi ulipungua na masharti yakabaki: mjane asiyetakaswa kwa kulala na mrithi hapaswi kuanza kupanda mbegu kabla ya wengine, hawezi kujengewa nyumba mpya, na akifanya hivyo inasemekana chira, laana ya kuvunja mwiko, itawaangukia watoto wake. Wapo wanaume wanaolipwa kwa kazi hiyo ya kutakasa, kutoka mjane mmoja hadi mwingine, katika kaunti ambayo mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na virusi vya Ukimwi. Paa linavuja, na fundi anaogopa kulipanda kabla mwenye nyumba hajarithiwa. Kukataa, kwa mjane huyo, ni kulala kwenye nyumba inayonyeshewa huku majirani wakisubiri mtoto wake augue ili waseme walimwonya.

Katiba ya 2010 ilitangaza kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, ya mwaka 2015, ilitaja kwa majina kumrithi mjane kwa nguvu na kumtakasa kuwa ni ukatili. Haya ni maendeleo makubwa, na wapo wajane walioyatumia mbele ya machifu na mahakama. Lakini karatasi za ardhi zinasimulia mambo mengine. Shirika la Kenya Land Alliance lilipochambua hati 1,000,099 za ardhi zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017, lilikuta wanawake wamepata 103,043, yaani asilimia 10.3. Aliyeandikwa kwenye hati ni mume au baba mkwe, na siku mume anapozikwa ndipo mjane hugundua kwamba alikuwa mgeni kwenye shamba alilolilima tangu aolewe.

Wakurya, wanaoishi Kuria Mashariki na Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori na vilevile ng'ambo ya mpaka wilayani Tarime, walikuwa na njia yao ya kuuzunguka ukuta huo. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume alimwoa msichana kwa ng'ombe, msichana akazaa na mwanaume waliyemchagua, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mzee. Upande wa Tanzania ndoa hiyo inajulikana kama nyumba ntobhu. Imewapa wanawake wengi mahali pa kuishi bila mume mkali, na imewafanya wengine, hasa wasichana maskini, kuwa vibarua wa nyumba. Lililo wazi ni kwamba ilibuniwa kwa sababu mali haikuweza kupita mikononi mwa mwanamke bila kumpitia mtoto wa kiume.

Desemba ya Kuria

Ng'ombe hao hao ndio walio nyuma ya jambo linalowafanya maafisa wa watoto wa Migori wasilale kila shule zinapofunga Novemba. Msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na mahari yake huingia zizini mwa baba. Msichana asiyekeketwa huitwa omosagane, jina linaloweza kumfuata kisimani na hata nyumbani kwa mume, ambako wake wenza na mawifi humkumbusha kwamba bado ni mtoto. Msimu hupangwa koo kwa koo, kwa baraka ya baraza la wazee liitwalo inchaama, na ukitangazwa, barabara hujaa shangwe.

Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, kwa wanawake wa umri wote. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Sheria hiyo inaadhibu pia anayemvusha msichana mpaka ili akakeketwe, na anayemdhihaki mwanamke kwa kuwa hajakeketwa: kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua shilingi 50,000. Walioiandika walielewa kwamba kisu hutanguliwa na tusi. Machi 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya daktari Tatu Kamau aliyedai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuchagua kukeketwa. Majaji walisema sheria ibaki.

Kitaifa, hali imebadilika kwa kasi. Mwaka 1998 wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15. Huko Kuria kushuka kumekuwa kwa polepole. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, mamia ya wasichana walikeketwa na kutembezwa barabarani mchana kweupe kwa nyimbo na zawadi. Mpaka wa Isebania na Sirari nao ni mwembamba: koo ni zilezile pande zote mbili, na upande wa Tanzania sheria ya 1998 inawalinda walio chini ya miaka 18 pekee. Aprili 2019 mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa wakaazimia kushirikiana kuziba njia hizo za mipakani.

Wasichana wenyewe hawajakaa kusubiri maazimio. Kila Desemba wapo wanaotoroka nyumbani usiku, wakatembea hadi shule, kanisa au kituo cha polisi. Mkoani Mara, Tanzania, nyumba salama ya Mugumu iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly na kituo cha Masanga huko Tarime vimewapokea wengi kwa miaka mingi, baadhi wakitoka upande wa Kenya. Msimu ukiisha, inabidi mtu aamue watarudi wapi. Wengi hurudi kwa baba yuleyule aliyekwisha kuahidiwa ng'ombe. Msichana wa miaka kumi na mitatu amekataa, serikali imemuunga mkono, na gharama yake ni kwamba hana pa kulala Januari.

Baada ya Kodera

Katika utafiti wa afya wa mwaka 2022, wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 waliowahi kupata mimba walikuwa asilimia 15 kote Kenya. Homa Bay na Migori kila moja ilikuwa na takriban asilimia 23. Homa Bay ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 33 mwaka 2014, na hilo ni jambo la kushangilia. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na kwamba Homa Bay ni zaidi ya nusu.

Viongozi wa eneo hili hupenda kulaumu disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye mazishi, na wameupiga marufuku mara nyingi. Giza la matanga lina hatari zake. Lakini msichana anayekosa sodo, karo au nauli ya bodaboda hukutana na anayemlipia mchana pia, na mara nyingi ni mtu anayejulikana na kuheshimiwa.

Tarehe 3 Septemba 2018 Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo mwenye umri wa miaka 26 na mimba ya miezi saba, alitekwa nyara pamoja na mwanahabari Barack Oduor. Mwanahabari aliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda kasi akanusurika. Mwili wa Sharon ulipatikana siku iliyofuata katika msitu wa Kodera, Homa Bay. Gavana wa Migori wakati huo, Okoth Obado, alishtakiwa kwa mauaji pamoja na wasaidizi wake wawili. Wote walikanusha mashtaka.

Kesi ni ya mahakama. Kilichosemwa mitaani na mitandaoni wiki zile ni cha jamii. Kabla hajazikwa, mjadala ulikuwa umeshahama kutoka kwa waliomuua hadi kwa alichokuwa akitafuta kwa mwanaume mwenye mke na cheo. Picha zake zilichambuliwa, nguo zake, simu yake. Mwanaume katika hadithi kama hiyo huitwa mheshimiwa mwenye udhaifu. Msichana huitwa tamaa yenye miguu. Hukumu hiyo ndiyo inayowafunga midomo maelfu walio hai, kwa sababu kila mmoja anajua ataulizwa alikuwa akifanya nini huko.

Viti

Mama Phoebe Asiyo, aliyefariki Julai 2025 akiwa na miaka 92, alitoka Karachuonyo, Homa Bay. Mwaka 1958 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, chama ambacho kabla yake kilikuwa mikononi mwa wake wa walowezi. Alifanya kazi magerezani, akapanda hadi vyeo ambavyo hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa amevifikia, kisha akaiwakilisha Karachuonyo bungeni katika miaka ya 1980 na tena katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 alipeleka hoja ya kuwatengea wanawake nafasi katika uongozi. Bunge liliikataa. Hoja ileile, ikiwa imevaa nguo nyingine, iliingia katika Katiba ya 2010: jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limeshindwa kuitungia sheria ya utekelezaji, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa.

Homa Bay imekwenda mbele ya Bunge. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Gladys Wanga alichaguliwa gavana, mmoja wa wanawake saba kati ya magavana 47. Kati ya maeneo bunge manane ya kaunti hiyo, matatu yalichagua wanawake: Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini, Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul. Kasipul-Kabondo ya mwaka 2006, iliyogawanywa baadaye, ndiyo iliyozaa kiti cha Obara. Migori, jirani, yenye maeneo bunge manane pia, ilichagua wanaume wanane.

Viti hivyo havikupatikana bure. Wakati wa mchujo wa chama cha ODM mwaka 2017 nyumba ya Millie Odhiambo huko Mbita ilichomwa moto, na mlinzi wake akauawa. Alirudi ulingoni akashinda. Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2010 na ile ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu ya mwaka 2014 zilitokana na miswada yake. Mwanamke akiwa ndani, mambo ambayo wenzake wa kiume hawakuwahi kuyaona kuwa ya Bunge yanakuwa ya Bunge.

Sasa kinachosubiriwa ni viti vya chini zaidi. Katiba imezikabidhi kaunti shughuli za uvuvi, kwa hivyo fuo za Homa Bay na Migori ziko chini ya wizara za kaunti hizo na mabunge yake. Kaunti hizo zinaweza kusukuma mgao wa kamati za BMU uangaliwe upya ili wachuuzi wapate zaidi ya asilimia 10, kuweka mizani na bei inayobandikwa ukutani pale mashua zinapofikia, na kutoa mikopo ya mashua yenye bima kwa vikundi vya wanawake, mikopo ambayo haifi na mafuriko ya kwanza. Kudai samaki kwa ngono kunaweza kuandikwa katika kanuni za kila ufuo kuwa kosa la kumnyima mvuvi leseni.

Kila ufuo una daftari la mashua na wenye mashua. Kuhesabu majina ya wanawake ndani yake ni kazi ya asubuhi moja kwa afisa wa uvuvi mwenye kalamu. Wapigakura wa kaunti hizi wana hadi tarehe 10 Agosti 2027 kuwauliza wanaoomba kura idadi hiyo ni ngapi leo, na wanakusudia iwe ngapi watakapokuwa wakiomba tena.